Jinsi Verlene Haugstad Alivyokaa Kitini Mbele ya Bunge la Jimbo

Njooni karibu, enyi nyote mliowahi kukaa juu ya kiti kigumu mkingoja jina lenu liitwe. Epueni masufuria, wapeni watoto kitu cha kutafuna, zimeni redio. Kwa maana habari nitakayowasimulia si ya kusikilizwa kwa sikio moja huku la pili likitegea maji yachemke. Ni habari ya vita vilivyopiganwa kwa muda wa saa nane na dakika hamsini, pasipo upanga kuchomolewa wala farasi kulia, ndani ya chumba namba 317 cha jumba la Bunge la jimbo letu. Shujaa wake ni Verlene Haugstad, mshika usukani wa basi namba nne, mpasua theluji, mtuliza viti vya nyuma, mwanamke ambaye katika miaka ishirini na saba ya kazi hakuna mtoto aliyemrushia kiatu mara mbili.

Nawe, ewe Subira, uvutaye heri kwa kamba ndefu kupita kiasi, nishikie kalamu. Wewe ulikuwapo siku ile. Wewe ndiwe uliyemshika magoti.

Yafaa kwanza mjue adui alitoka wapi. Waasisi wa jimbo letu waliagiza kwamba Bunge likutane mara moja kila baada ya miaka miwili, siku tisini, katikati ya majira ya baridi, wakiamini kwamba baridi ingewafukuza wabunge mapema warudi kwa ng'ombe wao. Hawakujua kwamba siku moja jumba lile lingetiwa mashine za kupasha joto. Na katika siku hizo tisini shule zote za jimbo, kubwa na ndogo, huishi kama mgonjwa asikilizaye madaktari wakibishana nje ya mlango. Mwalimu hajui kama atakuwa na darasa mwaka ujao, mkuu wa shule haagizi vitabu, na mpishi haagizi hata maziwa, kwa kuwa kikao kilichopita kilibadilisha maziwa, na kikao kabla ya hicho kilikuwa kimeyabadilisha upande wa pili.

Mwaka huo ulizaliwa mswada namba 212, na baba yake alikuwa Mheshimiwa Royce Tillotson, mwana wa jiji, bwana wa rula. Mswada huo ulitamka kwamba wilaya yoyote ya shule yenye wanafunzi pungufu ya hamsini, ikiwa iko chini ya maili kumi na tano kutoka shule kubwa zaidi, imezwe na hiyo kubwa na milango yake ifungwe. Umbali huo upimwe kwa mstari ulionyooka juu ya ramani.

Shule yetu ya Torvald ilikuwa na wanafunzi thelathini na wanane. Kutoka Torvald hadi Ansgar, kwa rula ya Mheshimiwa, ni maili kumi na moja. Lakini kati ya Torvald na Ansgar umelala mto Kessel ndani ya korongo lake, na daraja la mto huo lilichukuliwa na barafu miaka sita iliyopita. Bunge hilohilo, katika vikao vitatu mfululizo, lilikataa kulijenga upya. Sasa likapima ardhi kana kwamba lilikuwa limelijenga. Basi la shule likitaka kwenda Ansgar sharti lizunguke kaskazini, maili arobaini na tatu. Na katika basi namba nne alikuwamo mtoto aitwaye Tilda Roe, mwenye miaka mitano, apendaye kusinzia huku amepakata viatu vyake vya theluji kama paka. Mswada ukipita, Tilda angepanda basi saa kumi na moja kasorobo alfajiri, akae humo saa mbili na robo kwenda, na saa mbili na robo kurudi, siku tano kwa juma, hadi awe mwanamke mzima. Hilo ndilo lililokuwa mizanini. Mengine yote ni mapambo.

Baraza la vita likaketi katika jiko la shule, likachagua wajumbe wawili. Wa kwanza alikuwa Orrin Dahlby, mwenyekiti wa bodi ya shule, mkulima wa ngano aliyestaafu bila kuacha kulalamikia mvua. Wa pili alikuwa Verlene, kwa sababu ndiye aliyeijua ile njia kwa makalio yake. Mimi nikaenda nao kwa kuwa gari lilikuwa na nafasi, na mwanangu alikuwa mmoja wa wale thelathini na wanane.

Tulilala mjini kwa binamu yake Orrin, aitwaye Ardis, na asubuhi, juu ya meza yake, ndipo majaaliwa yalipomwekea shujaa wetu mtego wa kwanza.

"Kahawa, Verlene?" akauliza Ardis.

"Hapana, dada, usijisumbue."

"Kidogo tu."

"La, mimi niko sawa kabisa."

"Nimeshaipika."

"Haya basi. Nusu kikombe, kama ipo."

Kwetu jibu ni lile la tatu. Mawili yaliyotangulia ni salamu. Naye Ardis, akiwa mtu wa kwetu, hajui kumimina nusu. Kikombe chake kilikuwa na kina cha kisima, na mazungumzo yale yakarudiwa tangu mwanzo mara mbili zaidi. Hivyo Verlene Haugstad akatoka kwenda vitani akiwa amevaa koti la sufu la marehemu mama yake, kwapani ana daftari la maili lenye jalada la grisi, na ndani yake, kama adui aliyejificha mjini kabla ya mji kuzingirwa, vikombe vitatu vya kahawa.

Mlangoni mwa chumba 317 aliketi karani wa kamati, binti mwenye mafungu matatu ya karatasi.

"Kijani unaunga mkono, nyekundu unapinga, njano huna upande," akasema bila kuinua macho. "Jaza jina na namba ya mswada."

Verlene akaitazama karatasi nyekundu kama mtu atazamavyo mbwa asiyemjua.

"Chukua nyekundu, mama," akasema Orrin, ambaye yake alikuwa ameshaijaza.

"Nyekundu kali, Orrin. Yule bwana hata simjui. Naanzaje kumpinga mtu sijamsalimia?"

"Anataka kutufungia shule."

"Labda hakukusudia."

"Ameandika kwenye mswada, Verlene. Kwa mashine. Amepiga na chapa."

"Ndiyo, lakini huenda hakuona mto. Ramani nyingine mto ni uzi tu." Akachukua ya njano.

Karani akainua macho kwa mara ya kwanza. "Njano huitwa mwisho kabisa, mama. Na ukiitwa usipokuwepo, jina linafutwa. Hakuna kurudia."

"Hakuna shida, mwanangu," akajibu Verlene. Maneno hayo mawili, hakuna shida, yamezika mashujaa wengi zaidi wa nyanda zetu kuliko dhoruba.

Ilikuwa saa mbili kamili asubuhi alipoketi, safu ya tatu, kiti cha pembeni. Kamati ikaingia: wajumbe tisa, na katikati yao mwenyekiti, Mheshimiwa Geneva Brandvold, mwenye nywele za fedha na nyundo ya mti, ambaye ilisemekana hajawahi kucheka ndani ya jengo. Akatangaza kwamba miswada isingefuata namba, bali utaratibu anaoujua yeye mwenyewe.

Basi vita vikaanza. Ukaitwa mswada wa urefu wa bendera madarasani, ukachukua saa moja. Ukaitwa mswada wa kuruhusu wilaya za shule kuuza mabasi makuukuu kwa makanisa, na Verlene akasikiliza kwa makini, kwa kuwa baadhi ya mabasi hayo aliyafahamu kwa tabia. Saa tano ikafika. Ndipo jeshi lililojificha likaamka, likapiga ngoma ya kwanza chini ya mkanda wake.

Hiyo ndiyo iitwayo haja ndogo, ambayo jina lake ni dogo na enzi yake ni kubwa; iliyowaangusha wafalme katikati ya hotuba na kuwavunja maharusi katikati ya kiapo. Na jumba lile lilikuwa upande wake. Kwa maana mafundi walioijenga ghorofa ya tatu hawakutarajia kwamba mwanamke angewahi kufika huko juu. Choo cha wanawake kipo ghorofa mbili chini, mwisho wa ukumbi mrefu, mbele ya picha za magavana kumi na wanne.

Saa sita na nusu akajiinua nusu kitini. Papo hapo Mheshimiwa Brandvold akagonga nyundo. "Mswada namba mia mbili na kumi..."

Verlene akaganda, makalio hewani.

"...na moja."

Akaketi. Nao mswada namba 211 ulikuwa wa kutangaza pai rasmi ya jimbo. Wanafunzi wa shule moja ya mjini waliuandika ili wajifunze jinsi sheria inavyotungwa, na kweli walijifunza, kwa kuwa mjadala ulichukua saa mbili. Upande wa pai ya cheri ulinena kwa machozi. Upande wa pai ya tufaha ulileta pai. Wajumbe wakaionja, wakasema hawawezi kuamua kwa kipande kimoja. Kamati haikupumzika mchana. Waheshimiwa waliletewa mikate ya nyama wakala palepale, wakitoka mmoja mmoja kwenda msalani kupitia mlango wao wa nyuma, ambao mwananchi haruhusiwi kuutumia. Kila mlango ule ulipofunguka, nilimwona Bi Verlene akifumba macho.

"Nenda tu," Orrin akamnong'oneza. "Wakikuita nitasema unakuja."

"Hukumsikia yule binti? Hakuna kurudia."

"Mimi ninapinga, nitaongea kabla yako. Nitayasema yote. Daraja, maili, Tilda. Wewe nenda zako."

"Nikusikie kwanza ukiyasema, Orrin. Ndipo nitakwenda."

"Huniamini?"

"Nakuamini. Nakujua pia."

Saa tisa kasorobo ukaitwa mswada namba 212. Mheshimiwa Tillotson akasimama na rula yake, akaiweka juu ya ramani kubwa, akaonyesha jinsi jimbo linavyoonekana zuri likiwa limenyooshwa. Waliochukua kijani wakapita, watu saba, kila mmoja na dakika zake mbili, zikilindwa na taa tatu mezani: kijani, njano, nyekundu. Kisha wakaitwa waliochukua nyekundu, na walikuwa ishirini na mmoja, kwa kuwa wilaya ndogo za jimbo zima zilikuwa zimetuma watu, na kila mmoja alikuwa na hasira yake mwenyewe aliyoisafirisha tangu kwao.

Ikafika zamu ya Orrin Dahlby, wa mwisho kati yao. Akasimama kama mnara wa kanisa. Akamshukuru mwenyekiti. Akawashukuru wajumbe, kila mmoja kwa jina, kwa kuacha familia zao wakati wa baridi. Akataja theluji ya mwaka huu, akailinganisha na ya mwaka uliopita. Akaeleza jinsi babu yake alivyofika Torvald na maksai mmoja na jiko la chuma, na jinsi maksai yule alivyokuwa na jicho moja. "Sasa waheshimiwa," akasema, "maksai huyo alipofika kwenye ukingo wa mto Kessel..."

Taa ikawaka nyekundu.

"Asante, Bwana Dahlby," akasema mwenyekiti.

Orrin akarudi kitini akiwa amenyooka.

"Hukutaja daraja," akasema Verlene, kwa sauti ya mtu asiyethubutu kuvuta pumzi nzima.

"Nilikuwa nalikaribia."

Hapo ndipo Verlene alipojua kwamba hakuna mwingine. Watu ishirini na mmoja walikuwa wamekwisha kunena, na hata mmoja hakuwa amelitaja daraja la Kessel, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na mto wake. Akaitoa mikono yake katika koti, akaupandisha mguu wa kulia juu ya wa kushoto, kisha wa kushoto juu ya wa kulia, akaegemea mbele, akaegemea nyuma, akahesabu vigae vya dari, akavihesabu tena kwa upana. Ilimfaa siku ile kwamba alikuwa dereva. Kwa maana dereva wa basi la shule hawezi kuwaacha watoto thelathini na wanane barabarani akaingia vichakani, na mafunzo ambayo majenerali huyapata katika vyuo yeye aliyapata kwenye barabara ya changarawe yenye mashimo. Lakini hata yeye hakuwahi kwenda saa nane mfululizo.

"Jasho linakutoka," Orrin akasema.

"Nyamaza, Orrin."

"Nikuchekeshe kidogo ujisahau?"

"Ukinichekesha, nakuapia, utanunua kiti hiki."

Saa kumi na dakika arobaini mwenyekiti akaiokota karatasi ya njano. Ilikuwa moja tu. Wajumbe wawili walikuwa wamekwisha kuvaa makoti.

"Kuna mtu asiye na upande," akasoma, kama asomaye jina la mnyama aliyedhaniwa kutoweka. "Haugstad. Yupo?"

"Nipo," akasema Verlene.

Akasimama. Enyi wasikilizaji, wapo walioinua mawe makubwa, na wapo waliobeba malango ya miji mabegani. Lakini ninyi mliopo mnajua ni lipi zito zaidi, kubeba au kusimama ghafla. Akatembea kwa hatua fupi, nyingi, zenye heshima. Hakuketi kwenye kiti cha shahidi, na kamati ikadhani ni unyenyekevu. Taa ikawaka kijani.

"Mheshimiwa mwenyekiti, naitwa Verlene Haugstad, naendesha basi Torvald. Sina ugomvi na mtu. Nimeleta vipimo. Kwa rula, Ansgar ni maili kumi na moja. Katikati pana mto. Daraja halipo, miaka sita. Kwa basi ni maili arobaini na tatu, haya hapa kwenye daftari, kila siku, kwa kalamu. Mtoto wangu mdogo kuliko wote ana miaka mitano. Atakaa garini saa nne na nusu kwa siku. Basi langu lina magurudumu sita, mbawa halina. Ahsanteni."

Taa ilikuwa bado kijani. Katika kumbukumbu za kamati hiyo hakuna mtu aliyewahi kumaliza kabla ya njano. Waheshimiwa tisa wakainua vichwa. Mmoja aliyekuwa amesinzia tangu pai akaamshwa na ule ukimya.

Naye Verlene akageuka aende zake. Ndipo likamjia pigo kubwa kuliko yote.

"Subiri kidogo, Bi Haugstad," akasema mwenyekiti. "Wajumbe wana maswali."

Siku nzima hakuna aliyekuwa ameulizwa swali.

"Hilo daraja," akauliza mmoja, "nani alikataa kulijenga?"

"Ninyi, mheshimiwa."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Hakuna njia nyingine ya mkato?"

"Hakuna."

"Na barafu ikiganda juu ya mto?"

"Jaribu wewe kwanza."

Mjumbe mmoja akakohoa ndani ya leso. Mheshimiwa Brandvold akaishika nyundo yake kwa mikono miwili, na pembeni mwa mdomo wake pakatokea kitu ambacho jengo lile lilikuwa halijakiona. Hawakujua kwamba kila neno alilolifupisha lilikuwa linalinda boma. Waliyachukua majibu yake kuwa hekima, na sijui kama walikosea.

Ndipo Mheshimiwa Tillotson mwenyewe akainuka na rula yake. "Mama, mimi siwezi kuandika sheria kwa ajili ya mto mmoja."

"Sijakuomba, baba. Pima tu kwa barabara." Akapumua kidogo, kidogo sana. "Au Jumatatu nitakupitia. Saa kumi na moja kasorobo, kwenye kona ya akina Roe. Utakaa na Tilda. Ila usichelewe. Mimi humngoja mtu dakika mbili, kama ninyi hapa."

Mheshimiwa akaitazama ramani yake, na nadhani kwa mara ya kwanza akauona ule uzi wa buluu.

"Mheshimiwa Tillotson," akasema mwenyekiti, "huyu ndiye shahidi pekee leo ambaye hakuja kukupinga wala kukuunga mkono. Ungechukia tukiandika kwamba umbali upimwe kwa barabara ipitikayo na basi la shule?"

Bwana wa rula alitazama saa. Alitazama dirishani, theluji ilikuwa imeanza. "Nisingechukia," akasema.

"Ahsante, Bi Haugstad. Unaweza kwenda."

Ilikuwa saa kumi na dakika hamsini. Jinsi alivyozishuka zile ghorofa mbili hakuna ajuaye, ila bawabu mmoja alieleza baadaye kwamba alihisi upepo, na kwamba magavana kumi na wanne walimtazama akipita na hakuna aliyewahi kupita mbele yao kwa kasi ile, hata siku za uchaguzi. Huku juu kamati ikapiga kura papo hapo, kwa kuwa kila mtu alitaka kuwahi barabara. Marekebisho yakapita kwa kura sita dhidi ya tatu. Orrin Dahlby akateremka ngazi akiwa ameshika kofia, nami nyuma yake, tukasimama nje ya mlango wa choo cha wanawake.

"Verlene," akaita Orrin. "Sita kwa tatu. Torvald imebaki."

Orrin akagonga mlango.

"Verlene, umesikia? Tumeshinda."

"Nimesikia, Orrin," ikatoka sauti iliyotulia kama ziwa. "Ngoja kwanza."

Tukangoja. Hata alipotoka, uso wake uling'aa, na hadi leo sitathubutu kusema ni kwa ushindi upi kati ya ile miwili.

Mswada ulipita katika mabaraza yote mawili ya Bunge ukiwa na maneno yale, na ukawa sheria. Mwezi wa tano, kikao kilipokwisha na shule zote zikaanza tena kuagiza vitabu, bodi yetu ilikutana katika lile jiko ili kuandika shukrani rasmi. Orrin alikuwa ameandaa kurasa nne, na maksai alikuwamo.

"Futa hayo yote," akasema Verlene, aliyekuwa amesimama mlangoni na funguo za basi mkononi. "Mtu akisoma atadhani nilifanya kitu."

"Ulifanya kitu, mama. Tuandike nini basi?"

"Andika kama ninavyoandika mahudhurio ya watoto asubuhi."

Bodi ikajadili, ikapiga kura, ikakubali kwa sauti moja. Na kwa hiyo, enyi mlioniazima masikio yenu, vitabu vya mataifa mengine vikiandika nani alimwua nani, mbele ya mji gani, kwa mkuki wa nani, kitabu cha kumbukumbu cha Wilaya ya Shule ya Torvald, ukurasa wa mia moja na sita, kimeandika tendo lote lile kwa mstari mmoja, na Tilda Roe, ambaye sasa anajua kusoma, ameusoma mbele yetu bila kukwama:

Bi Verlene Haugstad aliitwa. Alikuwepo.